Rust: kwa nini kompaila inakataa push wakati bado umeshika &v[0]

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi, hiki ndicho kinachomkwamisha mleta uzi kwenye lugha ya programu ya Rust, na anasema C++ haimsumbui:

```
let mut v = vec![1, 2, 3];
let kwanza = &v[0];
v.push(4);
println!("{}", kwanza);
```

Kosa hilo ni E0502, na kompaila haikuonei. Vec (orodha inayoweza kukua) yenyewe ni vitu vitatu tu: pointa (anwani) ya kwenda kwenye hipu (memori inayoombwa programu ikiendelea), urefu (vilivyomo sasa) na ujazo (vinavyoweza kuingia kabla ya kuomba memori nyingine). Hapo juu urefu ni 3 na ujazo ni 3. Ukisukuma cha nne, Vec inaomba eneo kubwa zaidi, inahamishia kila kitu huko, na la zamani linarudishwa. `kwanza` inabaki na anwani ya chumba ulichokwisha kuhama. Anayefungua mlango ni mpangaji mwingine. C++ inakuachia ubishe hodi, na siku nyingine unapata jibu sahihi kwa bahati. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana kosa linakuja kuonekana kwa mteja.

Usidhani `Vec::with_capacity(100)`, yaani kutenga nafasi 100 mapema, itakuokoa. Kompaila haiangalii ujazo; inaona tu kwamba push inadai `&mut` (rejea ya kubadilisha) wakati wewe bado una `&` (rejea ya kusoma tu), na hivyo viwili haviruhusiwi pamoja.

Kwa namba ndogo, nakili: `let kwanza = v[0];`, yameisha. Kwa struct (data kadhaa zilizofungwa pamoja) nzito, mimi nashika namba ya nafasi badala ya rejea. Programu yangu ya oda za duka ina `Vec<Mteja>`, na kila oda inabeba `usize` (namba ya nafasi) ya mteja wake. Vec ihame itakavyo, namba 7 ni namba 7. Ila hapo sahau `remove`, inasogeza wote wa nyuma. Na `swap_remove` inamleta wa mwisho kwenye pengo. Mteja akiondoka naweka alama tu kwamba hayupo, nafasi yake inabaki.

`with_capacity` ina kazi yake, ya kupunguza kuhamahama unapojua idadi mapema.

Ukitaka kushuhudia, chapisha `v.as_ptr()` (anwani ya data) kabla na baada ya push. Anwani isipobadilika usije kunibishia: kuna wakati memori ya jirani ilikuwa wazi, eneo likapanuliwa palepale.