Kulipia chakula cha hoteli mapema Zanzibar: kwanza jua saa saba mchana mtakuwa wapi

Dada yangu, umesema mnakwenda Zanzibar na mtalala siku nne kuanzia Desemba 28: wewe, mumeo, mama mkwe, kijana wa miaka 13, binti wa 8 na mdogo wa 3. Hoteli mmezichuja zikabaki mbili, moja Paje na nyingine Michamvi, na wakala anakuhimiza ulipie kila kitu kabisa, chakula na vinywaji, ili mkifika huko msiwe na habari ya pochi. Unauliza kama kweli inawafaa.

Nimefanya kazi ya uhudumu, na baadaye usimamizi wa mgahawa, katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja kwa miaka mingi. Siku hizi nakwenda na watoto wangu kama mgeni. Jambo hili nimelijua nikiwa nabeba trei na nimelijua nikiwa naletewa bili, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kwa Paje, chukueni kulala na chai tu, halafu milo ya usiku mnunue siku kwa siku. Kwa Michamvi, chukueni milo yote mitatu. Kile kifurushi cha vinywaji vyote ndani sikushauri kwenye hoteli yoyote kati ya hizo mbili.

Kwenye karatasi ya bei utakuta herufi tu. BB ni kulala na chai ya asubuhi. HB, wenyewe tunaita hafubodi, inaongeza mlo mmoja, kwa kawaida wa usiku. FB, fulubodi, ni milo mitatu. AI ni kila kitu pamoja na vinywaji. Jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi ni kwamba kwenye HB na FB vinywaji kwa kawaida havimo. Maji ya chupa ya mezani, soda za watoto, juisi, vyote vinaandikwa kwenye bili ya chumba, tena kwa bei ya hoteli. Nimeona baba wa watu akisimama mapokezi asubuhi ya kuondoka, boti inamsubiri, anaambiwa anachodaiwa na hana maneno, kwa sababu alijua alishamaliza kulipa tangu Dar. Uliza maji ya mezani yamo au hayamo, na wakujibu kwa maandishi.

Sasa, mimi nikipanga safari huanza na swali moja: saa saba mchana tutakuwa wapi? Chai ya asubuhi mtainywa hotelini, hilo halina mjadala. Usiku watoto wamechoka na mtakuwa hotelini au jirani yake. Mlo unaopotea ni wa mchana, na huo ndio unaotofautisha hafubodi na fulubodi.

Zipitie siku zenu moja moja. Siku ya kwanza mnavuka na boti, kama saa mbili majini, halafu barabara hadi pwani ya mashariki ni kama saa nzima. Chumba mtapewa saa nane mchana. Hoteli nyingi huhesabu mlo wa kwanza kuwa wa usiku siku mliyofika, hivyo mchana ule mtakula kwa fedha nyingine. Mkiwa fulubodi, mchana mliolipia unahamia siku ya kuondoka, siku ambayo chumba mnatakiwa mkiachie saa nne au saa tano asubuhi na akili zenu ziko bandarini. Siku ya Mji Mkongwe mtakula huko huko. Urojo na mishikaki havisubiri mrudi Paje, na mkitaka kuona soko la chakula la Forodhani linavyochangamka jioni, basi hata mlo wa usiku wa hoteli umekwenda siku hiyo. Mkichukua safari ya boti ya kutokea Fumba, samaki na pweza huchomwa kisiwani na chakula kimo kwenye bei ya safari. Ziara nyingi za mashamba ya viungo nazo humalizia kwa pilau au wali wa nazi. Mkienda msitu wa Jozani kuona kima punju halafu mkateremka Kizimkazi, mchana utawakuta njiani. Kwa hiyo katika michana minne mliyolipia, mwaweza kuila miwili tu, na hoteli hairudishii mtu fedha ya mlo aliouacha.

Hoteli itawaambia inaweza kuwafungia chakula mkaondoka nacho. Ni kweli, lakini agizeni usiku wa kuamkia safari, kwa sababu jiko linapanga kazi yake mapema. Na mjue kitakachokuwa ndani ya boksi: yai la kuchemsha, mkate wenye jibini, kipande cha kuku, ndizi, juisi ya pakiti. Kinashibisha. Thamani ya mlo mlioulipia haiko mle.

Bahari nayo ina neno lake. Paje maji yanapokupwa yanakwenda mbali sana, mtoto wa miaka 3 hafiki yalipo. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Angalieni kalenda ya mwezi kabla hamjapanga ziara. Siku ambayo maji yanajaa alasiri, asubuhi ndiyo ya kutembea, na mchana mtarudi hotelini kula na kuogelea. Siku ambayo maji yamejaa asubuhi, watoto hamtawatoa baharini, na saa saba watakuwa wamelala hoi. Mpangilio huu peke yake unaweza kubadilisha idadi ya milo mtakayokula pale.

Nije kwa watoto, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumia.

Hoteli nyingi humhesabu mtoto wa miaka 12 na kuendelea kama mtu mzima kwenye chakula. Kijana wako wa 13 basi atalipiwa kamili, na huyo atakula kamili, hakuna hasara. Binti wa 8 kwa kawaida ni nusu bei. Mdogo wa 3 ndiye wa kuuliza, kwa sababu kuna hoteli ambazo mtoto chini ya miaka 3 ni bure na aliyetimiza 3 analipiwa nusu, na nyingine bure inafika hadi miaka 5 au 6. Usikubali "watoto wana punguzo." Taja umri wa kila mmoja.

Halafu saa. Mgahawa wa hoteli hufunguliwa kwa chakula cha usiku saa moja au saa moja na nusu. Mtoto aliyeshinda juani na majini, saa moja usiku yuko usingizini juu ya bega la baba yake. Tulikuwa tunapikia watoto mapema, saa kumi na mbili jioni, kwa wazazi waliotuomba mchana. Wasioomba walikuja na mtoto analia na sahani ikarudi jikoni haijaguswa. Na bufee mnayoiona kwenye picha huwepo wageni wakiwa wengi. Wakipungua, jiko hubadilisha na kuweka menyu ya kupangwa: supu, mlo mmoja wa kuchagua kati ya miwili, kitindamlo. Mwishoni mwa Desemba hoteli hujaa, kwa hiyo nyinyi mna nafasi nzuri ya kukuta bufee, ila ulizeni. Bufee inamfaa mtoto mchaguzi. Menyu ya kupangwa haimfai hata kidogo.

Kitu kilichokuwa kinanisikitisha kazini ni kuona mzazi anamlazimisha mtoto amalize sahani kwa sababu imeshalipiwa. "Kula, unajua nimetoa shilingi ngapi?" Mtoto yuko mapumzikoni, bahari iko mbele yake, anakula huku machozi yanamtoka. Chakula kilicholipiwa mapema kina nguvu ya kuwabana watu namna hiyo, na hiyo ni gharama ambayo kwenye karatasi ya bei haimo.

Fanya hesabu mwenyewe kwa namba watakazokupa. Nakupa mfano, na namba hizi ni za mfano tu. Tuseme kutoka BB kwenda HB wanaongeza 40,000 kwa mtu mzima kwa siku. Watu wazima kwenye hesabu yao ni wanne, pamoja na kijana: 160,000. Binti nusu: 20,000. Mdogo bure. Jumla 180,000 kwa mlo mmoja wa usiku, na kwa siku nne ni 720,000. Sasa chukua menyu ya mgahawa huo huo, waombe wakutumie picha yake kwenye WhatsApp. Kama sahani moja ni 32,000 na nyinyi mnatosheka na sahani tano kwa sababu mdogo anakula kwa mama na bibi, hiyo ni 160,000. Yaani mmeagiza mlichokitaka, kwenye viti vile vile, kwa bei ndogo kuliko ya kifurushi. Mkitoka nje mkaingia kijijini Paje, wali na samaki wa mchuzi kwa mfano 15,000 sahani, tano ni 75,000, na soda mnanunua dukani. Kwa Paje hii inawezekana kwa sababu migahawa iko mingi na mnafika kwa miguu. Hoteli nyingi zitakubali pia kuwauzia mlo wa usiku siku mnayoutaka, mradi muwaambie kabla ya mchana. Waulize kama bei itakuwa ile ile ya kifurushi. Wakisema ndiyo, hakuna sababu ya kulipia mapema.

Michamvi ni habari tofauti. Ile ni ncha ya rasi, barabara inaishia huko. Hoteli zimetawanyika, kutoka usiku na watoto watatu na bibi kutafuta chakula maana yake ni teksi kwenda na kurudi kila mara. Kuna ule mgahawa maarufu juu ya mwamba pale Pingwe, nendeni mara moja kama mtapata nafasi, lakini si mahali pa kulisha familia kila siku. Anayechagua Michamvi anachagua kutulia, na ukitulia, saa saba mchana uko pale pale. Hapo fulubodi ina maana. Punguzeni ziara ziwe moja, na muwaombe mlo wenu wa mchana wa siku hiyo wauhamishie siku ya kufika. Meneja mwenye busara hukubali akiombwa mapema.

Kuhusu vinywaji vyote ndani: umesema nyumba yenu hamnywi pombe. Bei ya AI imepigwa kwa kumfikiria mgeni anayekaa kaunta tangu mchana. Nyinyi mtakunywa maji, soda na juisi, na mtakuwa mnachangia bia za wengine. Isitoshe, hata humo kuna vilivyo nje: juisi ya matunda iliyokamuliwa papo hapo mara nyingi hulipiwa, kamba koche hulipiwa, na kaunta ina saa yake ya kufunga. Kwa familia inayokunywa na isiyotoka hotelini, kinaweza kufaa. Kwenu hapana.

Mama mkwe umesema ana kisukari. Huyu msimsahau kwenye uamuzi, maana wazee wengi wanakaa kimya mezani na kulala njaa. Bufee ina mikate, wali, viazi na vitamu vingi, na mboga zake mara nyingi ni za baridi. Lakini nyuma ya ule ukuta wapishi wanapika mchicha na samaki wa kuchoma kwa ajili ya wafanyakazi, na hakuna mpishi wa Kitanzania atakayekataa kumwandalia bibi akiambiwa asubuhi. Semeni na mpishi mkuu siku ya kwanza. Na saa za milo ziendane na dawa zake. Hili ni muhimu kuliko bei.

Kwa wengine watakaosoma hapa na safari yao ikaangukia Ramadhani: hesabu hii inapinduka. Migahawa ya vijijini Unguja hufungwa mchana na kula hadharani hairuhusiwi, hivyo familia isiyofunga itategemea jiko la hoteli. Na familia inayofunga isipoteze fedha kwa chai na mlo wa mchana. Iombe futari na daku badala yake. Mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo angalieni tarehe kwanza.

Dada, la mwisho ni la haraka kwako kwa sababu ya tarehe zenu. Usiku wa Desemba 31 hoteli nyingi huwa na chakula maalumu cha mwaka mpya, na hulipiwa kwa lazima juu ya kifurushi chochote ulichonunua, hata kama ni fulubodi. Bei yake kwa watu sita inaweza kuzidi tofauti yote tuliyoipigia hesabu hapa. Waandikie hoteli zote mbili leo, uliza kama kipo, ni kiasi gani kwa kila umri, na kama mtaruhusiwa kutokuhudhuria na kula kitu chepesi chumbani. Ukishapata majibu, weka namba hapa bila majina ya hoteli, nitakupigia hesabu ya kila moja.