Kuvuta si kubeba: jibu langu kwa baraza ya Limbani

Assalaam aleikum, jamaa zangu wa baraza ya Limbani, na wengine wote wa Wete mnaosikiliza kwenye simu ya mwenzenu.

Sauti zenu nimezisikiliza zote. Picha moja niliyomtumia dada, ya pikapu yangu na tela la nyumba tunaloishi huku Marekani, imezaa khabari tatu. Ami anasema nimetajirika, kwani nani mwengine ana nyumba na gari la kuivutia? Mama kaambiwa nalala garini, na amelia. Bin ami naye anauliza bei, anataka aagize kama hilo, alikokote kwa Hilux mpaka ufukwe wa Vumawimbi akalaze watalii. Nawajibu wote, na mwenye haraka arudi kwenye bao lake.

Mama kwanza. Mama, silali garini. Nalala kitandani na mke wangu, tuna jiko la gesi, friji, choo na bafu. Kazi yangu ni kufunga paneli za umeme wa jua, na mashamba ya paneli hayajengwi mjini. Yako jangwani, mara Texas, mara New Mexico, mara Arizona. Miezi mitano hapa, minane pale. Mwenye nyumba anataka mkataba wa mwaka mzima, na chumba cha hoteli kinakula posho yote kabla hujanunua mchele. Kwa hivyo wengi wetu kwenye kazi hii tunaishi kwenye matela. Wahandisi wanayo, mafundi wanayo. Si ufukara huo, wala si utajiri, Ami. Pikapu na tela vyote nimenunua vilivyotumika, na tela ninalilipia kila mwezi huku thamani yake inashuka kama barafu juani. Nyumba ya mawe hapo Limbani ukiiacha miaka kumi inapanda bei. Hili ukiliacha miaka kumi linavuja.

Sasa niwaeleze lenyewe. Matela ya nyumba ya kawaida huungwa nyuma ya gari, kwenye kirungu cha chuma chini ya bampa. Hili langu lina shingo ndefu inayopita juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo pana pini nene inayoelekea chini. Katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, unafunga sahani ya chuma yenye taya. Pini inaingia, taya zinafunga. Ni mtindo uleule wa malori ya makontena mnayoyaona bandarini Malindi mkienda Unguja. Wenyewe wanauita gurudumu la tano, ingawa hapo hapana gurudumu lolote. Jina limebaki tangu zama za magari ya farasi, palipokuwa na duara la kulala juu ya ekseli ya mbele ili igeuke.

Uzuri wake ni kwamba mzigo unakaa katikati ya gari, haulitikisi mkia barabarani. Na ubaya wake ni huohuo, kwamba mzigo unakaa kwenye gari. Gari la ng'ombe mnalijua. Ukirundika magunia yote nyuma, nira inanyanyuka na ng'ombe anakabwa. Ukirundika mbele, anaumia shingo. Hapa karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa tela inamkalia ng'ombe mgongoni, na ng'ombe ni pikapu.

Hilo mie sikulijua. Siku ya kununua nilikwenda na pikapu yangu ya kwanza, ile nyekundu mliyoisifu. Nikamuuliza muuzaji, hii italivuta? Akanambia italivuta bila wasiwasi. Na hakusema uongo, ililivuta. Mie ndiye niliyeuliza swali silo.

Tulitoka yadini, na kabla ya kilomita 20 nilishaanza kusoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Mkia wa pikapu umekaa chini, pua inatizama mbinguni, na usukani umekuwa mwepesi kama usukani wa ngalawa uliotoka majini. Naugeuza, gari linafikiria kwanza. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja, dereva wa malori, alitutizama akatikisa kichwa. Akafungua mlango wangu bila ya kuniomba, akanionesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kimeandikwa kuwa uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo 700.

Tukapiga hesabu palepale. Mie na mke wangu, kilo 150. Sahani ya kuungia, 70. Vyombo vyangu vya kazi, 90. Zimebaki 390. Na shingo ya tela, likiwa tupu, bila hata sufuria, ilikuwa inaweka kilo zisizopungua 800. Yaani siku ya kwanza kabisa nimepakia zaidi ya kilo 400 juu ya kiasi. Tangazo la gari linapiga kelele juu ya inavuta tani ngapi. Inabeba kiasi gani, hilo limeandikwa kwa herufi ndogo mlangoni.

Ile nyekundu niliiuza kwa hasara, na sitasema hasara kiasi gani kwa sababu Ami anasikiliza. Nikatafuta pikapu ya dizeli, ya daraja ambalo Wamarekani wanaliita la tani moja. Msidanganywe na jina hilo, ni la zamani tu. Kibandiko chake kinasema kilo 1,720. Ina springi ngumu. Bila ya tela inakurusha kama baskeli isiyo na tandiko.

Tangu siku ile siamini macho wala mkono. Nyinyi wa karafuu mnanielewa. Kila mchumaji anaapa kwamba pishi yake imejaa, na kila mwenye gunia anaujua uzito wake mpaka lifike kwenye mizani. Huku kwenye vituo vya malori kuna mizani ya barabarani, unalipa dola chache, unapanda na gari zima, na inapima kila kundi la magurudumu peke yake. Kwanza nilipima pikapu tupu: mbele kilo 2,090, nyuma 1,430. Kisha nikaunga tela lililojaa vitu vyetu vyote nikapima tena: mbele 2,070, nyuma 2,500, na magurudumu ya tela 4,190. Toa ya kwanza kwenye ya pili, shingo ya tela inambebesha ng'ombe kilo 1,050. Ijumlishe na zile 4,190, tela zima lina kilo 5,240. Mwisho wake ulioruhusiwa ni 5,440.

Zimebaki 200. Na tangi la maji safi linachukua lita 190. Lita ni kilo. Kwa hivyo tukisafiri tangi linakuwa tupu, tunabakisha dumu moja la lita 20 la kutilia udhu njiani. Mke wangu alipotaka kuongeza kabati, tulilipima kwa mizani ya bafuni. Ndoa imebaki, kabati limebaki dukani.

Vifaa vingine nitavipitia mbio mbio. Tela lina breki zake za umeme, na kwenye dashibodi unakuwa na kidude cha kuziamuru zishike kiasi gani. Bila ya hicho unasimamisha tani tano kwa breki za pikapu peke yake, na hazitakutii. Kuna waya mkubwa wa taa na breki. Kuna waya mwengine mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye pikapu, ili tela likikatika uchomoke na breki za tela zijikamate zenyewe kwa betri yake. Tairi za tela ni za aina yake na zangu zinataka pauni 80 za upepo, zikipimwa asubuhi kabla hazijapata moto. Tairi hizi huzeeka kwa miaka kabla kashata hazijaisha, unaiona nzuri kumbe imeoza ndani. Kuna kinga ya umeme unaoruka, maana umeme wa kambi nyengine tunazoegesha hauna adabu. Na mpira wa maji machafu, ambao unavaa glavu kila unapougusa na huuhadithii mbele ya chakula.

Kuunga ndiko kunakotaka akili itulie. Unashusha mlango wa nyuma wa bodi, unarudi polepole, shingo iwe chini kidogo ya sahani ili pini ipande ikiingia. Taya zikifunga, unainama na tochi na kutizama kwa macho yako. Kisha, magurudumu ya tela yakiwa bado yamezuiwa na miguu yake bado iko chini, unavuta mbele kidogo tu. Likikataa kuachia, limeshika.

Mara moja sikufanya hivyo. Mvua ilikuwa inakuja, jirani ananipigia soga, pini ikakaa juu ya taya badala ya kuingia ndani. Nikanyanyua miguu, nikaondoka. Tani tano zikateleza na shingo ikaangukia kingo za bodi, mlio wake nausikia mpaka leo. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila bodi imebonyea pande zote mbili. Ndiyo maana pikapu kwenye picha nimeipiga kwa mbele.

Kuendesha kwenyewe mtu anazoea. Pamoja gari na tela ni karibu mita 16, na kwenda juu ni mita 4, kwa hivyo kimo nimekiandika kwa wino mweusi mbele ya macho yangu, nisije nikasahau nikaingia chini ya kipaa cha kituo cha mafuta au daraja fupi. Ukikata kona, tela linakata kwa ndani zaidi kuliko wewe, lazima upeleke pua mbali kwanza. Upepo wa Texas magharibi unakusukuma kama mtu. Na ipo ile njia ya kutoka Phoenix kupanda Flagstaff, mji uliokaa kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kupanda si tatizo, unanunua dizeli tu, maana nikikokota lita moja hainifikishi zaidi ya kilomita nne na kidogo. Kuteremka ndiko. Huteremki kwa breki, zitaungua. Unaweka gia ndogo juu kabisa kabla ya mteremko, injini ikushike, na breki unagusa na kuachia. Vilima vyetu vya Pemba ni vingi lakini vifupi, ukikosea umeshafika chini. Huku unaweza kukosea nusu saa nzima.

Kurudi nyuma ni ugomvi. Ukitaka tela liende kulia, usukani unakwenda kushoto. Mke wangu ndiye utingo, anasimama nyuma na simu mkononi ananielekeza, na tumekubaliana kwamba yanayosemwa katika dakika zile hayahesabiwi.

Dada kaniuliza siri, vipi kuhusu choo na maji. Wala si siri. Matangi ya chini ni mawili, la maji ya kuogea na la choo. Wenzetu wa hapa wanatumia karatasi na maji kidogo, na tangi lao linaziba mpaka wanaita fundi. Sisi tunaotumia kopo, tangi letu halizibi hata siku moja, maana tangi la choo linataka maji mengi. Mzee mmoja jirani aliniuliza natia dawa gani. Nilishindwa pa kuanzia. La kuogea ndilo linalojaa upesi, udhu mara tano watu wawili si mchezo.

Na kuswali. Chumba kina ubavu unaosukumwa nje kwa mota tukishaegesha, nafasi inatosha miswala miwili. Tukiwa njiani ubavu umefungwa, tunaswali nje kwenye changarawe. Kwetu kibla ni kaskazini moja kwa moja, mtoto anaijua kwa kutizama msikiti. Huku ni kaskazini mashariki, na kila tukihama nyumba imeelekea kwengine, kwa hivyo kila mara tunatafuta upya kibla kiko dirisha gani.

Upweke upo, sitawaficha. Jirani leo ni mstaafu kutoka Ohio, kakupa nyanya na kakusaidia kuegesha, kesho kutwa asubuhi kiwanja chake kitupu. Hakuna baraza ya watu wanaohama. Mwezi wa Januari kaskazini ya Texas mpira wa maji uliganda ukawa kama fimbo, tukachota maji kwa ndoo, mke wangu akanambia, ndiyo Marekani yenyewe hii?

Sasa wewe bin ami. Hilux inabeba kama tani moja, pamoja na wewe na watalii wako. Shingo ya tela langu peke yake imeshaimaliza. Kuvuta, Hilux iliyo nzima ya kileo mwisho wake tani tatu na nusu, na hili ni tano na robo. Tuseme umepata lori. Umeme wa ndani ni wa volti 120, wa kwetu 230, utaunguza friji siku ya kwanza. Mlango uko kulia, upande wa ukingo wa barabara kwa wanaoendesha kulia. Kwetu mtalii atashuka katikati ya njia. Na ile njia ya msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi unaijua, mita 4 kwenda juu utakwama na matawi kabla hujaiona bahari. Jenga banda la makuti, weka kitanda kizuri na choo safi. Nikijaaliwa nitakuchangia bati la choo.

Ijumaa baada ya swala tunahamia Arizona. Mama, umesema dada anakuja mwezi ujao na unataka atuletee kinu na mchi. Kinu hapana, nimeshakwambia zimebaki kilo 200 na maji hayajatiwa. Lakini mbuzi ya kukunia nazi ilete. Nitatoa kiti kimoja cha kukunja.