Anti, mimi ni Mdigo nisiyejua Kidigo

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nimezaliwa Ngamiani hapa Tanga, baba Mdigo wa Duga, mama Mbondei wa Muheza, ila nyumbani ni Kiswahili tu. Juzi tuko na wana tunaangalia ile klipu ya mbunge binti wa New Zealand anachana karatasi bungeni afu anaanza haka, ile ngoma ya Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, wenzie wakadakia, mwili ukanisisimka ila roho ikaniuma pia. Nkienda Duga nikijaribu Kidigo mabinamu wananicheka. Hivi vijana wa Kimaori wenyewe hawajapotelea mjini kama sisi? Na mi bado ni Mdigo kweli?
Kijana wa Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Wamepotelea sana tu, tena kwa kuumizwa. Bibi na babu zao walichapwa shuleni kwa kuongea Kimaori, kwaiyo baada ya Vita vya Pili watu walipohamia miji mikubwa kama Auckland na Wellington kutafuta kazi za viwandani, wazazi wengi wakaona bora mtoto ajue Kiingereza apate maisha, na mimi siwezi kuwalaumu wazazi hao hata kidogo.

Sasa sikia walioanza kuigeuza hali hiyo ni kina nani. Ni vijana wa mjini, wengi wao lugha yenyewe hawaijui vizuri! Mwaka 1972 kundi la vijana wa Kimaori liitwalo Ngā Tamatoa na wenzao walipeleka bungeni sahihi zaidi ya 30,000 wakidai Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 zikaanza chekechea za kohanga reo ambako watoto wanalelewa kwa Kimaori na wazee wanaokijua, na 1987 kikawa lugha rasmi ya nchi. Huyo binti wa kwenye klipu, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, aliingia bungeni 2023 akiwa na miaka 21, na ile haka ya Novemba 2024 alikuwa anapinga muswada uliotaka kuufasiri upya Mkataba wa Waitangi wa 1840, ule wa machifu wa Kimaori na Waingereza, yani haikuwa ngoma ya kufurahisha watalii.

Lakini usidhani wote wanaongea. Sensa ya 2018 ilionyesha ni kama Mmaori mmoja kati ya watano tu anayeweza kuzungumza Kimaori, na hao wengine hakuna wa kuwavua ukoo wao, maana kijana akijitambulisha anataja mlima wao, mto wao, mtumbwi uliowaleta wahenga wake na kabila lake, hata kama kazaliwa Auckland.

Kwaiyo wewe ni Mdigo mwanangu, na kwa mama ni Mbondei, usichague kimoja. Ila lugha itafute sa hivi bibi akiwa hai, likizo nenda Duga ukae naye, mwombe akuongeleshe Kidigo tu na akutajie ukoo wenu toka juu, urekodi kwenye simu. Muheza nako uende. Mabinamu wakicheka waulize inasemwaje, afu endelea kuongea.