Ni Miami Dolphins wa 1972
Umeuliza kama kuna timu ya NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) ishawahi kumaliza msimu mzima mpaka kombe bila kupoteza mechi, ipo moja tu bana, Dolphins wa 1972, mechi 17 wakashinda zote na fainali wakampiga Washington 14-7. Watu wanamsifu sana kocha Don Shula na ni haki yake ila mi nampa heshima zaidi mzee Earl Morrall, quarterback wa akiba (quarterback ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi), ana miaka 38, quarterback wa kwanza Bob Griese kaumia mguu mechi ya tano, yeye anatoka benchi anaibeba timu sehemu kubwa ya msimu na hawafungwi, halafu Griese akipona anampisha. Timu nyingine, Patriots wa 2007, walifika 18-0 (ushindi 18 bila kupoteza), fainali timu ya Giants wakawachapa 17-14, dah.