Usinunue Morris kabla hujafungua boneti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanakwerekwe alinitumia picha za Morris Minor, gari ndogo ya zamani ya Kiingereza, anayotaka kuinunua. Picha kumi na moja: taa, viti, usukani, hata redio. Ya chini ya boneti haimo. Nikamwambia arudi akapige picha ya kile kibati chenye namba ya chesisi kilichogongwa ribiti kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Akanijibu: "Ami, kwani mimi nanunua gari au nanunua kibati?"

Na mimi nilikuwa na akili hiyohiyo. Morris yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi wa bodi, akanambia ukuta umeliwa na kutu, lazima akate achomelee bati jipya. Kibati akakitia kwenye kopo la maziwa pamoja na nati na skrubu. Kopo likakaa chini ya mwembe miezi mitatu mpaka wanunuzi wa vyuma chakavu walipolizoa. Sikujali. Nilijali siku ya kuiuza. Mnunuzi, Mzanzibari anayeishi Uingereza, hakuuliza rangi wala injini, aliuliza namba. Kadi nayo ilikuwa imeandikwa namba ya injini pahala pa namba ya chesisi, na injini yenyewe nilishaibadilisha zamani. Gari ikawa kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Aliichukua, lakini alinikata milioni mbili na sikuwa na la kumjibu.

Alichokuwa anakitaka ni hiki. Kule Gaydon, Uingereza, British Motor Museum wanatunza daftari za kiwanda za Morris. Ukiwapa namba ya gari na ada yao, wanakupa cheti: iliundwa tarehe gani, ilitoka na rangi gani, injini namba ngapi, ilipelekwa wapi. Bila namba, huna cha kuwauliza.

Faida ya pili niliiona Wete. Nilipelekwa na dalali kuangalia Morris ya turubali, nyeupe, imeng'arishwa vizuri. Za turubali zina bei kuliko za paa la bati, hasa sasa mahoteli yanapozitaka za kuchukulia maharusi. Dalali akaapa kwamba ni ya kiwandani, ilikuwa ya bwana shamba Mzungu. Nikafungua mlango wa dereva, ukafunguka. Kuufunga ndiyo ikawa shughuli, mpaka uunyanyue kwa mkono. Nikainua boneti. Kibati kilikuwepo, kimefifia, lakini kinasomeka: M/A2S5.

Kwenye Morris za miaka ya 1960, M ni Morris, A ni aina ya injini, 2S ni saluni, yaani ya paa la bati, ya milango miwili. Ya turubali halisi huandikwa T. Ile 5 ya mwisho ni injini ya sisi 1098, iliyoanza 1962. Za kabla yake, za 948, zina 3. Yaani gari ile ilizaliwa na paa, mtu akalikata kwa msumeno. Kiwanda kilipotengeneza za turubali kiliongeza vyuma chini vya kuzikaza. Huyu hakuongeza kitu, ndiyo maana bodi imelegea katikati na mlango haukai. Nikamwambia dalali bei ya turubali siitoi. Akacheka. Kumbe anajua.

Lakini msinifahamu vibaya. Kibati hakiendeshi gari. Kama sakafu imeoza mpaka unaiona barabara, namba haikusaidii kitu. Na si kila gari inakitegemea sawa. Volkswagen ya mgongo wa kobe namba yake imegongwa kwenye chuma chenyewe chini ya kiti cha nyuma. Ikianza na 118, ni modeli ya 1968. Kibati cha mbele kikipotea, hasara ipo lakini si msiba. Land Rover za zamani bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na namba hugongwa karibu na springi ya mbele ya kulia, pahala ambapo chumvi yetu hupapenda sana. Namba ikiliwa hapo, kibati cha ndani ndicho kinachobaki kukutetea.

Vibati vipya vinavyouzwa mtandaoni, achana navyo. Marekani, ambako wenye Chevrolet na Plymouth hulipa pesa nyingi kwa kibati kinachoonyesha gari ilitoka na injini kubwa, kuchezea namba ya gari ni kosa la jinai la serikali kuu. Hapa kwetu mnunuzi mjuzi ataangalia ribiti tu; zikiwa zinang'aa kwenye gari ya miaka sitini, anaaga.

Ukipeleka gari kupigwa rangi, piga picha kwanza, na kikitolewa, kitie mfukoni mwako, si kwenye kopo la fundi.

Jana kijana kanitumia picha yake. Kibati kipo, lakini kimepakwa rangi juu kwa juu, hakisomeki hata herufi moja. Nimemwambia achukue kitambaa na thina, afute kidogokidogo. Msasa asiuguse.