Mwanangu, usiikalie hiyo samansi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ukiiacha samansi ya kuitwa korti ya watoto ya Tononoka, hapa Mombasa, ikae kabatini, kesi ya matunzo ya mtoto itakufa yenyewe, maana wewe na mama mtoto hamkuoana. Haifi. Wanaokushauri ukae kimya hawatakuwa nawe siku ya kukamatwa.

Hilo la kutooana lilikuwa na uzito zamani. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama kwanza pale wazazi walipokuwa hawajaoana, baba akaachiwa mwanya. Katiba ya 2010 ikauziba: kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya 2022 imeshika njia hiyo hiyo. Kama kweli una shaka na damu, hakimu aweza kuamuru kipimo cha DNA. Lakini wewe mwenyewe ndiwe uliyempeleka mtoto kwa babako na kumwambia huyu ni mjukuu wako. Usije ukamkana leo kwa sababu ya pesa.

Usipojibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye samansi, korti yaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua. Mama mtoto atataja kodi, karo, chakula na dawa, atakisia mshahara wako, na hapatakuwa na wa kumsahihisha. Ukienda, utaapa hati ya kiapo kuhusu mapato yako na kuambatanisha karatasi za mshahara, mkopo wa sacco na kodi unayolipa. Sema kweli yote, hata ile pesa ya kazi za jioni. Kipato cha mama nacho huangaliwa. Lakini wajibu sawa si lazima uwe nusu kwa nusu ya shilingi: mwenye uwezo zaidi hubeba zaidi, na anayekesha na mtoto mwenye homa tayari anatoa. Kazi hiyo naijua, nimeifanya kwako.

Amri ikishatoka, usiidharau. Kila mwezi usiolipa huwa deni. Mama mtoto atarudi kortini na utaitwa ueleze kwa nini usiadhibiwe. Ukikosa sababu, mshahara wako waweza kukatwa kazini kabla haujakufikia, mali yako ikashikwa na madalali, au ukapelekwa jela ya madeni hadi miezi 6. Na ukitoka, deni bado liko palepale. Kazi ikipotea kweli, rudi kortini upesi uombe amri ibadilishwe, usijipunguzie mwenyewe. Na lipa kwa M-Pesa, usimpe mtu noti mkononi, ili kila shilingi iwe na ushahidi.

Umelalamika pia kwamba hukubaliwi kumwona mtoto. Hapo una haki ya kuumia, nami naumia. Omba kortini upewe siku zako. Lakini usishike chakula chake mpaka umwone, kwa sababu ugomvi ni wenu na njaa itakuwa yake.

Nionavyo mimi, kabla ya siku ya kesi, mwombe mama mtoto mwende pamoja kwa afisa wa watoto. Mkielewana, andikeni makubaliano: kiasi gani, tarehe ngapi, nani alipe karo, nani amwandikishe kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, na wewe umchukue lini. Yapelekwe kortini yawe amri. Nimeona jamaa wengi wakimaliza hivi na bado wakasalimiana barazani siku ya Idi. Kama hataki, usimlaumu, amekwisha kuahidiwa mengi. Nenda ukajibu kesi. Ukikosa pesa ya wakili, uliza ofisi ya msaada wa sheria ya serikali hapa mjini.

Nitafuatana nawe Tononoka ukitaka, lakini nitakaa upande wa mjukuu wangu. Na pesa ya sare aliyoomba mama yake, itume leo, usingoje hakimu.

Mamako