Wasomaji Wanauliza: Jana Mwenzao, Leo Msimamizi Wao

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi tofauti kabisa, ila nyingi zinauma mahali pamoja: jambo lililopaswa kusemwa mwanzoni halikusemwa, na sasa kila mtu anafuata tafsiri yake. Tumejibu sita. Majina ya waulizaji tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa watu 7 niliokuwa nao meza moja. Wawili kati yao waliomba nafasi hiyohiyo. Tulikuwa tukitaniana na kuwasengenya wakubwa pamoja. Sasa nikiingia wananyamaza. Nikitoa maelekezo kuna mmoja hujibu, "Haya bosi," na wengine wanacheka. Nifanyeje nisionekane nimevimba kichwa, wala nisidharauliwe?

JIBU: Ukimya ule wa ukiingia usikunyime usingizi. Anayepanga zamu, kuidhinisha likizo na kuandika tathmini za wenzake hawezi kukaa nao wakimsema bosi, kwa sababu bosi mwenyewe ndiye yeye. Wasimamizi wapya hukosea kwa njia mbili. Kuna anayejifanya hakuna kilichobadilika. Huyu hukwama siku anapolazimika kumnyima rafiki yake ruhusa. Na kuna anayebadilisha kila kitu wiki ya kwanza ili cheo kionekane. Huyu huwapoteza watu kabla hajajua hata anabadilisha nini.

Ndani ya wiki 2 za mwanzo kaa na kila mmoja peke yake. Nusu saa inatosha. Anza na wale wawili walioitaka nafasi. Usiwaombe radhi kwa kupandishwa, na usiwaahidi nafasi ijayo, kwa kuwa si wewe utakayeitoa. Waweza kusema hivi: "Najua uliomba nafasi hii, sitajifanya sijui. Nataka unieleze ni kazi ipi ungependa kuishika mwaka huu, na ni jambo gani nikilifanya litakukwaza." Halafu nyamaza. Sekunde 10 za kimya ni ndefu mno kwa anayezisubiri, lakini ukizijaza kwa maneno yako utajibiwa "hakuna shida" na mazungumzo yameishia hapo.

Wote 7 waulize maswali matatu yaleyale: nini kinakupotezea muda, nini hutaki kiguswe, na ukikosea unapenda kuambiwaje. Andika majibu. Kabla mwezi haujaisha rekebisha jambo moja lililotajwa na wengi, hata likiwa dogo kama ratiba ya zamu kutoka siku 3 mapema zaidi. Watu hupima uongozi mpya kwa vitu vya namna hiyo.

Sasa huyo wa "Haya bosi". Mwanzoni cheka nao. Ikifika mahali maelekezo hayatekelezwi, mwite pembeni: "Utani hauna neno. Ila Jumanne nilikuomba hesabu ya stoo kabla ya saa 6 mchana, na haikufika. Ilikuwaje?" Hapo utani umeachwa kando, kinachoulizwa ni hesabu ya stoo. Ukiamua kupambana na utani wenyewe utaonekana mwepesi wa hasira, na hesabu bado hujaipata. Kundi la WhatsApp la kuwasengenya wakubwa, jitoe leo. Na angalia usije ukamkandamiza rafiki yako wa karibu kwa kuogopa kuambiwa unampendelea. Hilo hutokea mara nyingi kuliko upendeleo wenyewe, na wenzake huliona.

SWALI: Nikimpa mtu kazi inarudi imeharibika, naishia kuifanya mwenyewe usiku. Wakubwa wananiambia nikasimu, yaani niwaachie wengine kazi. Nimkasimu nani?

JIBU: Yawezekana una watu dhaifu. Ila kabla ya kulikubali hilo, tazama jinsi kazi inavyotoka mkononi mwako. "Niandalie ripoti ya wateja" ni sentensi yenye mashimo: wateja gani, kurasa ngapi, nani ataisoma, akishaisoma ataamua nini, inatakiwa lini? Kichwani mwako majibu yote yapo. Kwake hayapo, na wengi huona aibu kuuliza. Linganisha na hii:

"Nataka ukurasa 1 wenye wateja 10 waliopunguza oda katika miezi 3 iliyopita, na sababu ya kila mmoja. Meneja ataitumia Ijumaa kuamua nani apigiwe simu kwanza. Takwimu zitoe kwenye mfumo, si kwenye daftari la zamani. Wateja unaweza kuwapigia bila kuniuliza. Punguzo la bei usimwahidi mtu. Jumanne saa 4 asubuhi nionyeshe wateja 3 wa kwanza."

Humo mna matokeo, mtumiaji, chanzo cha takwimu, mipaka ya uamuzi na siku ya ukaguzi. Inachukua dakika 5 kuandika. Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa kazi. Kagua ikiwa robo tu imefanyika. Kosa la mwelekeo likigunduliwa Jumanne hurekebishwa kwa saa moja. Likigunduliwa Alhamisi jioni, wewe ndiye utakayekesha. Wewe utabaki na imani kwamba watu hawawezi, na yeye atajua kwamba akiharibu, bosi humalizia.

Usimuulize "Umeelewa?" Hakuna anayejibu hapana. Muulize, "Utaanzia wapi?" Jibu litakuonyesha alichosikia. Na kazi ikirudi na kasoro, irudishe ikiwa na alama 2 au 3 za mahali pa kurekebisha. Usiitengeneze kimyakimya ukaipeleka.

Wengi husema kufundisha ni kupoteza muda. Piga hesabu: kazi ya saa 2 kila wiki hukula takriban saa 100 kwa mwaka. Hata ukitumia saa 10 kumfundisha mtu, umezirudisha kabla ya miezi 2 kwisha. Yasiyokasimiwa ni machache: kuonya, kutathmini watu, na kusimama mbele ya wakubwa mambo yakiharibika. Kazi unaigawa, lawama inabaki yako.

SWALI: Kikaoni wote wanakubali. Wakitoka nje wananung'unika, na baada ya mwezi mpango unakwama kwa sababu ambazo kumbe walizijua. Nimewaambia mlango wangu uko wazi. Haji mtu.

JIBU: Mlango wazi humwachia mdogo kazi yote: ainuke, apite mbele ya wenzake, aje kukwambia umekosea. Watu hupima. Akisema na wewe ukakasirika, hasara ni yake leo. Akinyamaza mpango ukafa, hasara ni ya wote, tena baadaye. Kunyamaza kuna nafuu.

Wenye ndege walilijua hili kwa bei kali. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, wakafa watu 583. Palikuwa na ukungu, na mawasiliano ya redio yaliingiliana. Lakini kinasa sauti kilionyesha pia kwamba ndege ya KLM ilipokuwa imeanza kukimbia, mhandisi wake, aliyekaa na marubani, aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyesisitiza. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yaliingiza mafunzo ya kuwazoeza wadogo kusema hadi wasikike, na kuwazoeza marubani wakuu kuuliza na kusikiliza. Hicho cha pili ndicho kinachokuhusu.

Kwanza, mkubwa azungumze mwisho. Ukishatoa maoni yako, kinachofuata ni mwangwi. Toa suala, wape dakika 3 kila mtu aandike kwenye karatasi, kisha waanze kusoma walio wadogo kwa cheo. Aliyekwisha kuandika huona vigumu kugeuza maneno kwa sababu ya uso wa mtu.

Pili, badilisha swali. "Kuna mwenye pingamizi?" linamtaka mtu ajitokeze kama mpinzani. Mtaalamu wa saikolojia Gary Klein anapendekeza kikundi kijifikirishe kwamba muda umepita na mpango umeshafeli, kisha kila mmoja aandike sababu zilizouangusha. Hapo kutaja kasoro ndiyo kazi aliyopewa, na anayetaja nyingi haonekani mkorofi. Dakika 20 zinatosha. Mtapata orodha; chagueni hatari 3 kubwa na kila moja ipewe mtu wa kuishughulikia.

Tatu, na hapa ndipo wakubwa wengi huharibu, ni jinsi unavyopokea habari mbaya ya kwanza. Neno lako la kwanza liwe, "Ahsante kwa kulisema mapema. Mpaka sasa tunajua nini?" Swali la "Nani amefanya?" liache kwanza. Ukiwaka mara moja tu, habari mbaya inayofuata utaisikia kwa mteja.

SWALI: Tuko 12 kwenye mradi. Wanaofanya kazi ni 3. Waliobaki wanategea na sifa tunagawana sawa.

JIBU: Tatizo lenu lilipimwa zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu, na walipofika 8 mchango wa kila mmoja ulikuwa takriban nusu ya anachovuta akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu hutokana na watu kutovuta kwa pamoja. Sehemu nyingine ni kulegeza tu, kwa kuwa haijulikani nani kavuta.

Watu 12 wana jozi 66 za mawasiliano, yaani kila wawili wanaopaswa kuelewana. Watu 4 wana jozi 6. Gaweni mradi katika vikundi 3 vya watu 4, kila kikundi na kipande kinachoonekana kikikamilika. Kwenye orodha ya kazi, kila mstari uwe na jina moja. Yakiwa mawili, kila mwenye jina atamtegemea mwenzake. Jumatatu dakika 15 mmesimama: nimemaliza nini, naanza nini, nimekwama wapi.

Atakayeendelea kutegea baada ya hapo, aitwe na kiongozi faraghani. Ataje tukio na tarehe ("michoro ya tarehe 4 na ya tarehe 11 haikuletwa"), madhara yake, kisha aulize sababu. Wengine hawategei, hawajui kazi, au wana mgonjwa nyumbani na hawajamwambia mtu. Wapatane siku ya kuangalia tena, iandikwe. "Wewe mvivu" isitamkwe, maana mtu ataacha kujibu kuhusu michoro na kuanza kujitetea nafsi yake. Isipobadilika, utaratibu wa maonyo wa kazini kwenu ufuatwe.

SWALI: Mwaka wa nne nafanya kazi ileile. Nikimuuliza bosi ninaendeleaje, ananijibu "vizuri". Nimemaliza kozi 3 mtandaoni na sioni mabadiliko.

JIBU: Swali pana huvuta jibu pana. Uliza kuhusu kazi moja, ndani ya siku moja tangu uikabidhi: "Katika taarifa ya leo, ni kitu gani kimoja kingekusaidia uamue haraka zaidi?" Hilo hawezi kulijibu "vizuri". Ukijibiwa, usijitetee, andika, kisha kwenye kazi inayofuata mwonyeshe mahali ulipobadilisha. Bosi akiona maneno yake yametumika mara 2, huanza kuyatoa bila kuombwa. Na mrejesho wa kukuza ni ule unaogusa kazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji, hasa ile iliyomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya anachokifanya.

Kozi 3 ni nyingi ikiwa hakuna iliyogusa kazi yako. Kabla ya kujiandikisha nyingine, taja kazi halisi utakayoifanyia zoezi ndani ya siku 7 tangu somo la kwanza. Ukikosa ya kutaja, iahirishe kozi. Kisha omba kazi ya juu kidogo ya uwezo wako, yenye mwisho: kuendesha vikao 4 vya wiki, au kumfundisha mgeni mmoja kwa mwezi. Ombi la "nataka kukua" bosi hajui alifanyie nini. "Naomba vikao vya mwezi ujao niviendeshe mimi" linajibika palepale.

SWALI: Kundi la WhatsApp la kazini linaita hadi saa 5 usiku. Ukichelewa kujibu unaulizwa asubuhi mbele ya watu.

JIBU: Ombeni kikao cha dakika 10 na mpatane mambo mawili: saa ambazo jibu linatarajiwa, na njia ya dharura. Kinachofaa mahali pengi ni hiki: la dharura mtu hupigiwa simu, ujumbe wa baada ya kazi hujibiwa asubuhi. Andikeni pia dharura ni nini hasa, mifano 3 au 4, maana bila hivyo kila kitu kitakuwa dharura. Makubaliano yabandikwe juu ya kundi. Msimamizi anayependa kuandika usiku aweke rasimu na kuituma saa 2 asubuhi.